Tumbo Linapokataa Maziwa



Je, umepata kunywa kikombe cha maziwa asubuhi, na kabla jua halijapanda tumbo likaanza kunguruma? Linajaa hewa. Linasokota. Halafu unakimbilia chooni, na choo ni maji matupu. Jioni umepona. Siku nyingine unakunywa tena, na mambo ni yale yale.

Wengine husema wamelogwa. Wengine husema ng'ombe alikula majani mabaya. Wengine huja zahanati na kudai vidonge vya kuzuia kuharisha. Mara nyingi si hayo yote. Ni tumbo ambalo haliwezi kusaga sukari ya maziwa. Kwa mtu mzima jambo hili ni usumbufu tu. Lakini likifahamika vibaya laweza kumwumiza mtoto. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu mimi. Nitalieleza mbele.

Kijiji chetu cha Samunge kilijulikana nchi nzima mwaka 2011, watu walipokuja kwa maelfu kunywa kikombe cha dawa. Kikombe nitakachokizungumzia mimi leo ni cha maziwa tu.

Mimi ni kijana wa Masasi, kusini. Kwetu tulikula ugali wa muhogo, mbaazi na samaki wakavu. Ng'ombe tulimwona kwa nadra. Nilipoletwa huku kufanya kazi, siku ya kwanza kutembelea boma la Wamasai, mama mwenye boma alichukua kibuyu akanimiminia maziwa katika kikombe kikubwa cha bati. Mgeni hakatai maziwa. Nikanywa yote. Akaongeza, nikanywa tena. Wakati wa kurudi nilisimama vichakani mara tatu. Kijana wa boma lile aliyenisindikiza alikunywa zaidi yangu, naye alikuwa anaimba njia nzima.

Kwa nini mimi niumwe na yeye asiumwe? Maziwa yalitoka kibuyu kimoja.

KAZI YA TUMBO

Ndani ya maziwa mna sukari yake. Si ile tunayonunua dukani. Ni sukari ya maziwa, na jina lake ni laktosi. Maziwa ya ng'ombe yanayo, ya mbuzi yanayo, ya kondoo yanayo, na maziwa ya mama yanayo nyingi kuliko yote hayo.

Sukari hiyo ni kama ukuni mrefu. Ukuni mrefu hauingii vizuri mafigani. Lazima uukate kwanza. Vivyo hivyo mwili hauwezi kuipokea sukari ya maziwa ilivyo. Lazima ikatwe vipande viwili. Panga la kuikata limo katika utumbo mwembamba, na wataalamu huliita laktesi. Mwili wenyewe ndio hutengeneza panga hilo.

Mtoto mchanga ana laktesi ya kutosha, kwa sababu chakula chake ni maziwa peke yake. Baada ya kuachishwa kunyonya, miili ya watu wengi hupunguza laktesi pole pole, mwaka hata mwaka. Mtu anapokuwa mkubwa panga limekuwa butu. Sukari haikatwi yote. Inayobaki hupita na kwenda katika utumbo mpana.

Katika utumbo mpana mna vijidudu vingi ambavyo huishi humo siku zote bila kutudhuru. Vikiipata sukari hiyo huila na kuichachusha. Wewe unayetengeneza pombe ya asali umeona povu linavyopanda. Povu lile ni hewa. Na tumboni ni hivyo hivyo. Hewa hutokea, tumbo huvimba, hunguruma, na mtu hujamba sana. Tena sukari hiyo huvuta maji kuyaingiza utumboni, na choo huwa majimaji.

Dalili hizi huanza nusu saa hivi mpaka saa mbili baada ya kunywa maziwa. Uzito wake hutegemea umekunywa kiasi gani. Sukari yote ikiisha kutoka, tumbo hutulia lenyewe bila dawa.

Sasa lile swali la kijana wa boma. Katika makabila ambayo wazee wao wamefuga na kunywa maziwa kwa maelfu ya miaka, watu wengi hubaki na laktesi mpaka uzeeni. Hali hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi kama urefu au rangi ya macho. Mwaka 1966 madaktari wawili, Cook na Kajubi, walitoa taarifa ya kazi yao huko Uganda. Waliona kwamba Waganda wengi, ambao chakula chao kikuu ni ndizi, hawakuweza kusaga sukari ya maziwa. Lakini Wahima na Watutsi, ambao ni wafugaji, wengi wao waliweza.

Na sisi Watanzania tumepimwa. Mtafiti Sarah Tishkoff wa Marekani na wenzake, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Kila mtu alipewa maji yenye gramu 50 za sukari ya maziwa. Hicho ni kiasi kilichomo katika lita moja hivi ya maziwa ya ng'ombe. Kisha walipima damu yake kuona kama sukari imeingia mwilini. Taarifa yao ilitoka mwaka 2007. Walikuta kwamba wafugaji wengi wa huku wana urithi wa kusaga maziwa, na kwamba urithi huo haukutoka Ulaya. Ulianza huku huku Afrika, yapata miaka 3,000 hadi 7,000 iliyopita.

Lakini usiseme, mimi ni Mmasai, basi maziwa hayanidhuru. Wala usiseme, mimi ni mkulima, basi maziwa si yangu. Katika kila kabila wamo wa aina zote mbili. Hata katika nyumba moja, kaka anaweza kunywa na dada asiweze. Na mtu ambaye tumbo lake linakataa maziwa hana ubovu. Duniani kote, katika kila watu wazima watatu, karibu wawili hawasagi vizuri sukari hii. Sisi ndio wengi.

TAFUTA KIPIMO CHAKO

Watu wengi wakishagundua hivi huacha maziwa kabisa. Kwa wengi hakuna haja. Panga butu bado linakata kidogo. Watu wengi wenye hali hii wanaweza kunywa kikombe kimoja cha robo lita kwa siku bila taabu kubwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Kinacholeta taabu ni kunywa nusu lita kwa mkupuo, tumbo likiwa tupu.

Ndugu uliyehitimu kisomo, hapa ndipo daftari lako linapofaa. Kwa wiki mbili usinywe maziwa. Andika kila siku hali ya tumbo lako. Ikiwa kuharisha na kuvimba kunaendelea vile vile, basi sababu si maziwa, njoo zahanati tukupime. Ikiwa umepona, anza tena kidogo kidogo. Kunywa robo kikombe pamoja na ugali au uji. Andika tarehe, kiasi, saa uliyokunywa, na jinsi tumbo lilivyokuwa. Kaa na kiasi hicho siku tatu. Tumbo likiwa tulivu, ongeza kidogo. Ukifika mahali linaponguruma, rudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo kipimo chako.

Gawanya maziwa ya siku. Nusu kikombe asubuhi na nusu jioni ni bora kuliko kikombe kizima mara moja. Chakula hupunguza mwendo wa maziwa tumboni, na laktesi yako kidogo hupata muda wa kufanya kazi. Chai ya maziwa pia huwapendeza wengi, kwa sababu ndani ya kikombe cha chai maziwa yenyewe ni kidogo.

Sasa niseme habari ya mgando, maana ndiyo dawa kubwa, na haiuzwi. Wafugaji waliijua kabla ya madaktari. Maziwa yanapoganda, vijidudu vizuri vilivyomo hula sehemu ya ile sukari na kuigeuza kuwa uchachu. Tena ukiyanywa, vijidudu hivyo huendelea kukusaidia kusaga ndani ya tumbo. Ndiyo maana mtu anayeumwa na maziwa ya moto mara nyingi hunywa kikombe cha mgando na kukaa salama. Yakichacha zaidi, sukari hupungua zaidi. Wamasai wa Kenya wana maziwa yao ya kuchacha yanayoitwa kule naoto. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na maziwa hukaa humo siku kadhaa mpaka yachache vizuri.

Lipo jambo moja ambalo sikubaliani na wazee, nao wanisamehe. Maziwa mabichi, hata yakiganda, yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela, ule unaotupisha mimba ng'ombe na mbuzi, na kwa binadamu huleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo na mgongo. Yanaweza kubeba kifua kikuu pia. Uchachu peke yake hauviui vijidudu hivyo kwa uhakika. Kwa hiyo chemsha kwanza, gandisha baadaye.

Fanya hivi. Chemsha maziwa mpaka yapande. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, yaani kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua. Tia vijiko vitatu vya mgando safi kwa kila lita moja. Hiyo ndiyo mbegu. Mbegu itoke katika maziwa yaliyochemshwa, si mabichi, la sivyo unarudisha ugonjwa ule ule. Funika, weka mahali penye joto karibu na jiko. Kesho yake yameganda. Kama unatumia kibuyu, kisafishe kwa maji yaliyochemka na ukikaushe kabla ya kukifukiza.

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi sukari ya maziwa. Nasema hivi kwa sababu mama mmoja aliniambia ameyachemsha mara tatu na bado anaharisha. Kuongeza maji vile vile hakuondoi sukari. Ukiyanywa yote, sukari ni ile ile. Maziwa ya unga nayo yana sukari hiyo.

Na maziwa ya mbuzi? Hapa Samunge, ambapo Wabatemi wengi hufuga mbuzi, nimeambiwa mara nyingi kwamba maziwa ya mbuzi hayana neno. Sukari yake ni pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe. Huenda mtu huona nafuu kwa sababu mbuzi hutoa maziwa kidogo, na kikombe chenyewe ni kidogo! Ukiyapenda, yanywe, lakini kwa kipimo kile kile. Samli haina taabu, kwa kuwa karibu sukari yote imebaki katika maziwa yaliyotolewa mafuta.

Kama wewe ni wa wale wachache wasioweza hata robo kikombe, usiache mwili ukose madini ya chokaa yanayojenga mifupa. Kula dagaa wazima pamoja na mifupa yao. Kula uji wa ulezi. Ulezi una madini hayo kuliko nafaka nyingine tunazolima. Majani ya kunde na maharage yasikosekane.

Jambo jingine dogo. Vidonge vingi vya hospitali vimechanganywa na sukari ya maziwa kidogo sana ili vishikane. Usiache dawa zako za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI kwa kuogopa hilo. Kiasi chake ni chembe tu.

HABARI YA MTOTO

Sasa nieleze kosa langu. Nilikuwa mwaka wa kwanza kazini, kituo kingine, si hapa. Alikuja mama na mtoto wa miezi 14. Mtoto alikuwa ameharisha siku tano. Mama akasema, "Daktari, kila akinywa maziwa anaharisha zaidi." Nilikuwa na wagonjwa wengi nje. Nikamjibu kwa haraka, "Basi mwachishe maziwa." Nikampa pakiti za dawa ya maji, akaenda.

Mimi nilifikiri maziwa ya ng'ombe. Yeye alisikia maziwa yote. Akamwachisha na kunyonya. Akampa uji mwepesi wa mahindi, mweupe, bila kitu ndani.

Baada ya wiki tatu alirudi. Nilipoweka utepe mkononi mwa mtoto ulisoma chini ya sentimeta 11 na nusu. Hiyo ni rangi nyekundu. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimebadilika rangi. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Na huko, ndugu msomaji, unajua alipewa nini? Maziwa. Maziwa maalumu ya hospitali, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Alipona, lakini ilichukua muda mrefu, na mama aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya safari na kukaa kule.

Tangu siku ile sisemi tena "acha maziwa" bila kusema maziwa yapi, kiasi gani, na kwa siku ngapi. Halafu namwomba mama anieleze yeye mwenyewe alivyonisikia.

Elewa hivi. Mtoto akiharisha sana, au akiwa na minyoo na vijidudu vingine tumboni, utando wa utumbo wake huchubuka. Laktesi iko kwenye utando huo. Kwa hiyo kwa siku kadhaa au wiki chache anaweza kushindwa kusaga maziwa vizuri, hata kama anatoka katika ukoo wa wafugaji. Si hali ya kudumu. Utando ukipona, laktesi hurudi. Na kinachouponyesha ni chakula.

Basi mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Ni kweli maziwa ya mama yana sukari hiyo, lakini mtoto huyapokea kidogo kidogo, na yana kinga ambayo huipati dukani. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa. Kuzaliwa bila laktesi kabisa kupo duniani, ila ni jambo adimu mno. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba maziwa yako yamemkataa mtoto.

Mpe maji ya ORS kila baada ya kuharisha, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza. Chukua vidonge vya zinki zahanati, na umpe kila siku mpaka viishe, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Mtoto aliyeanza kula apewe uji mzito wenye karanga au maharage yaliyopondwa, yai au dagaa wa kusaga. Kama anakunywa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi, na kuharisha kumepita siku 14, usiamue peke yako nyumbani. Njoo naye. Tutaona kama maziwa hayo yapunguzwe, yachanganywe katika uji, au yageuzwe mgando kwa muda.

Yako mambo ambayo si sukari ya maziwa, na hayangoji daftari. Damu katika choo. Homa. Kutapika kila kitu. Kukonda. Macho kuingia ndani na mtoto kulegea. Kuharisha kunakokuamsha usiku. Kwa hayo njoo zahanati mara moja, na tukishindwa tutakuandikia kwenda Hospitali ya Wasso. Na kama mtu akinywa maziwa anavimba midomo, anatokwa na vipele mwili mzima au anahema kwa shida, hiyo si habari ya kusaga. Mwili wake unapigana na maziwa yenyewe, na hata tone laweza kuwa hatari. Huyo aache kabisa na aletwe upesi.

Mzee mmoja jirani yangu, ambaye alihitimu kisomo akiwa na miaka zaidi ya 60, aliniletea daftari lake mwezi uliopita. Alikuwa ameacha maziwa miaka mingi kwa kudhani amelogwa na shemeji yake, na hawakuwa wakisalimiana. Herufi zake ni kubwa, mistari inapanda na kushuka, lakini kila siku imeandikwa. Robo kikombe na ugali, tumbo zuri. Nusu kikombe na ugali, tumbo zuri. Kikombe kizima bila ugali, "vita." Mgando kikombe kizima, tumbo zuri. Kurasa nne. Nilimuuliza habari ya shemeji. Akasema jioni ile anakwenda kwake, na kwamba atapeleka kibuyu.

Mimi nami nimerudi kwenye lile boma. Nikifika huwa nasema mapema, "Shikamoo mama, tumbo langu ni la kusini, linataka mgando, na kikombe kidogo." Mara ya kwanza walicheka sana. Siku hizi kikombe changu kidogo kina mahali pake, kando ya mlango.